Kabla Hujalipia Mchoro: Hesabu ya Kupamba Samani kwa Mkono

Stuli, meza au kabati lililochorwa maua, ndege au pembetatu za rangi hubadilisha sebule nzima. Lakini kabla hujamwita fundi, jua jambo moja: mchoro ni sehemu ndogo tu ya gharama. Kinachoamua kama hela yako itakaa miaka mingi au itabanduka baada ya msimu mmoja wa mvua ni ubao ulio chini ya mchoro na vanishi iliyo juu yake. Ukibana hela kwenye msasa na vanishi ili upate mchoro mkubwa, umenunua kitu cha kupiga picha siku ya kwanza.

Muda nao haukusubiri. Huku nyanda za juu za Kigoma mvua huanza kati ya Oktoba na Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Rangi ya mafuta haipendi unyevu: hukauka polepole, hupoteza mng'ao na hushika vumbi na wadudu ikiwa bado mbichi. Kama unataka kazi hii mwaka huu, ifanye kiangazi kikiwepo.

Bei za shilingi zilizomo humu ni za mfano, zimewekwa ili uone namna ya kupiga hesabu. Duka la Kasulu mjini halilingani na la Kakonko, na kinachofika kijijini kama Gwarama kimeshabeba nauli. Shika mpango wa hesabu, kisha weka bei za duka lako.

Anza na ubao

Mninga na mkurungu ni mbao za miombo yetu, na mteja huzilipia bei kubwa kwa sababu ya rangi yake na mistari yake ya asili. Ukizifunika kwa rangi, unafunika kile ulichokilipia, na siku ukitaka kuuza, mnunuzi hataona kama ni mninga. Samani ya mninga ipige msasa, ipake vanishi, iache hivyo. Hela ya mchoro ipeleke kwenye kitu kingine.

Paini ndiyo ya kuchorwa. Ni nyepesi, laini kwa msasa, na bei yake iko chini. Haina sura ya kujivunia, kwa hiyo rangi haiidhulumu. Hata kule Norway, wakulima wa Telemark na Hallingdal waliochora maua kwenye masanduku na makabati kuanzia miaka ya 1700 walichora juu ya paini, mbao iliyokuwa karibu nao na ya bei ndogo. Kasoro za paini ni mbili. Inabonyea upesi, na macho yake hutoa utomvu unaopenya rangi na kuacha madoa ya njano. Kila jicho la ubao lipake shelaki mara mbili kabla ya rangi ya kwanza. Kazi hiyo ni ya dakika chache, na mafundi wengi huiruka.

Mkaratusi ni mgumu na unapatikana, lakini ukiuunda ukiwa mbichi unajikunja na kupasuka. Ufa ukitokea katikati ya mchoro hauzibiki bila kuonekana. Nunua stuli ya mkaratusi kwa seremala anayeweza kukuonyesha mbao zake zimekauka.

Kipimo cha ukavu hakina gharama. Funika sehemu ya ubao kwa kipande cha nailoni, kibane kingo zote kwa utepe, kiache usiku kucha. Asubuhi ukikuta mvuke au matone ndani ya nailoni, ubao una maji. Usipake chochote. Rangi iliyofungia maji ndani huvimba malengelenge, kisha hubanduka.

Kwa mwenye mfuko mdogo, chaguo bora ni samani kuukuu iliyo imara. Ubao uliokaa ndani ya nyumba kwa miaka umeshakauka na umeshamaliza kujikunja. Kagua mambo matatu kabla ya kununua: viungo visicheze, pasiwe na vumbi laini la bungua chini ya miguu, na rangi ya zamani isiwe imebanduka kila mahali. Rangi ya zamani iliyoshika vizuri haihitaji kutolewa. Ikwaruze tu kwa msasa hadi mng'ao uishe.

Nani ashike brashi

Una njia tano. Kila moja ina mahali pake.

*Kuchora mwenyewe.* Ndiyo ya bei ndogo kama una vitu vitatu au vinne vya kuchora. Kwa kitu kimoja si nafuu kama inavyoonekana, kwa sababu makopo na brashi utavinunua vilevile. Inahitaji muda na subira zaidi ya kipaji. Mchoro wa nukta, mistari na pembetatu unamtosha anayeanza.

*Mchora mabango.* Huyu ndiye watu wengi humsahau, na ndiye ninayempendekeza kwanza. Anayeandika majina ya maduka, saluni na migahawa mjini Kibondo au Kasulu ana mkono uliozoea brashi, anajua kuchanganya rangi, na makopo yake yamefunguliwa tayari. Rangi anayotumia imetengenezwa kustahimili jua na mvua nje ya duka, kwa hiyo ndani ya nyumba itadumu zaidi. Mwombe akuonyeshe bango alilochora miaka miwili au mitatu iliyopita, uone limechujuka kiasi gani. Hiyo ni shahada inayotosha.

*Msanii wa Tingatinga.* Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam karibu na mwaka 1968. Alitumia vipande vya hadibodi na rangi za mafuta za kawaida, zile za kupaka baiskeli, kwa sababu ndivyo vilivyokuwa vya bei ndogo na vilipatikana dukani. Alifariki mwaka 1972, wanafunzi wake wakaendeleza mtindo, na mwaka 1990 wachoraji wakaunda ushirika wao Oysterbay, Dar es Salaam. Leo mtindo huo umo kwenye stuli, sinia na masanduku. Ubora wa msanii aliyezoea huwezi kuupata kwa mwanafunzi wa wiki moja. Tatizo la mnunuzi wa huku ni umbali: Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita elfu moja.

*Kiolezo.* Unakata umbo kwenye plastiki ngumu au filamu ya eksirei iliyotumika, unakiweka juu ya ubao, unagonga rangi kwa kipande cha sponji. Kama una viti sita vinavyotakiwa kufanana, hakuna njia nyingine inayokaribia hii kwa bei. Tumia rangi nzito na kidogo kwenye sponji. Ikiwa nyepesi itapita chini ya kiolezo na kuharibu kingo.

*Stika za maua.* Karatasi ya kubandika ni ya haraka na bei yake iko chini dukani. Lakini pembe zake huinuka kwa joto la sufuria na maji ya kufutia, na ikishachanika hairekebishiki. Kwenye mlango wa kabati usioguswa sana, sawa. Kwenye meza ya kulia, usitupe hela yako.

Rangi gani inunuliwe

Rangi ya mafuta ndiyo jibu kwa samani. Inapatikana karibu kila duka la vifaa vya ujenzi, inafutika kwa kitambaa chenye maji, na inashika ubao vizuri. Ubaya wake ni harufu na kukauka polepole: mkono mmoja wa rangi kwa siku.

Rangi ya maji ya ukutani ina bei ndogo na hukauka upesi, ndiyo maana mafundi wengine huileta. Kwenye kiti kinachokaliwa kila siku itachubuka. Kama lazima uitumie, iwe kwenye fremu ya kioo au rafu ya vitabu, na iwe na vanishi mbili juu.

Akriliki ya wasanii ina rangi nzuri na hukauka ndani ya saa moja, lakini inakuja kwenye tyubu ndogo za bei kubwa, na huku kwetu kuipata ni kuagiza. Itumie kwa maua madogo tu, si kwa kupaka ubao mzima. Kama umeipata, jua kanuni moja: akriliki haikai vizuri juu ya rangi ya mafuta inayong'aa. Ikwaruze kwanza.

Rangi ya gari hung'aa sana na fundi wa gereji ataisifia. Inahitaji mashine ya kupulizia na umeme, na tina yake ya kuyeyushia ni kali kiasi cha kukunja rangi ya mafuta iliyo chini. Usichanganye rangi ya gari na rangi ya mafuta kwenye samani moja.

Sasa swali la ukubwa wa kopo, ambalo ndipo hela nyingi hupotea. Lita moja ya rangi ya mafuta hupaka takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja. Meza ndogo ya sebuleni yenye urefu wa sentimita 100 na upana wa 50 ina uso wa nusu mita ya mraba. Mikono miwili ya rangi ya chini inakula kama sehemu moja ya kumi ya lita. Maua yenyewe yanakula vijiko. Anayekuambia ununue makopo matano ya lita moja kwa ajili ya meza hiyo anakuuzia rangi ya kugandia stoo.

Nunua nusu lita, au ndogo zaidi kama ipo. Nunua nyeupe, nyeusi, nyekundu, bluu na njano, zilizobaki changanya: bluu na njano kupata kijani, nyekundu na njano kupata machungwa, nyekundu, njano na nyeusi kidogo kupata kahawia. Majirani wawili wakichanga makopo, gharama inakatika nusu.

Hesabu ya meza moja, na ya vitu vinne

Tuseme unachora mwenyewe uso wa meza ndogo na kuiacha miguu ikiwa na vanishi tu. Kwa bei za mfano, bila kuhesabu shelaki na puti:

Msasa vipande vitatu, namba 80, 120 na 240: sh. 3,000.
Anda koti, yaani rangi ya kwanza ya kuziba ubao, nusu lita: sh. 7,000.
Rangi nne za nusu lita kati ya zile tano, kila moja sh. 7,000: sh. 28,000.
Brashi moja ya inchi mbili na tatu ndogo: sh. 7,500.
Tapentaini: sh. 4,000.
Vanishi nusu lita: sh. 8,000.

Jumla ni sh. 57,500. Kwa meza moja ni nyingi; mahali pengine unakaribia kununua meza nyingine ya paini.

Lakini angalia yanayobaki. Rangi hizo zinatosha vitu vinne vya ukubwa huo. Kwa vitu vitatu vya ziada unaongeza msasa wa sh. 9,000 na vanishi nyingine ya sh. 8,000. Jumla inakuwa sh. 74,500, sawa na sh. 18,625 kwa kila kimoja. Kwa hiyo kanuni ni hii: kuchora mwenyewe kuna faida ukianzia vitu vitatu. Kwa kitu kimoja, mpe mchora mabango ambaye makopo yake yako wazi.

Linganisha na stuli iliyochorwa inayoletwa kutoka Dar es Salaam. Tuseme bei yake ni sh. 60,000. Ongeza kuifunga vizuri sh. 5,000, mzigo wa basi sh. 15,000, na bodaboda ya huko na ya huku sh. 10,000. Umefika sh. 90,000, nusu nzima juu ya bei uliyotajiwa. Kwa treni ya reli ya kati mzigo unaishia Kigoma mjini, na kutoka hapo utalipa gari tena hadi Kasulu au Kibondo. Ukiagiza, agiza vitu vyepesi: sinia, sanduku dogo, au mchoro peke yake usio na samani. Meza na kabati viundwe na vichorwe huku.

Gharama zisizotajwa

Hapa ndipo mteja huumia. Uliza kila moja kabla hujatoa hata shilingi.

*"Bei ya kazi."* Fundi akitaja kiasi, swali la kwanza liwe: "Fundi, hiyo ni ya kazi tu au na vifaa?" Wengi wataanza na kiasi kidogo cha kazi, halafu siku ya pili usikie, "Mama, rangi imepungua." Mwambie ataje mwanzoni: makopo mangapi, ya ukubwa gani, misasa mingapi, vanishi mikono mingapi.

*Kupiga msasa.* Wachoraji wengi huhesabu mchoro peke yake. Msasa wa kabati kuukuu ni kazi ya siku nzima na huja kama malipo ya pembeni. Ipige wewe mwenyewe au kijana wa nyumbani. Ni jasho, haihitaji ufundi mkubwa.

*Rangi kuongezwa mafuta ya taa.* Rangi ya mafuta hupunguzwa uzito kwa tapentaini. Mafuta ya taa huifanya ikawie kukauka na ipoteze mng'ao, na petroli ni hatari ya moto ndani ya nyumba. Nunua tapentaini wewe mwenyewe, umkabidhi fundi mkononi.

*Kopo lililofunguliwa.* Kama unanunua vifaa, vifike vikiwa vimefungwa, na kilichobaki ni chako. Sema hivyo mapema. Mabaki ndiyo yatakayorekebisha mikwaruzo ya mwakani.

*Vanishi kutokuwemo.* Bei ndogo isiyo ya kawaida mara nyingi maana yake vanishi haimo. Na vanishi ya mafuta hugeuza nyeupe kuwa na unjano kadiri miaka inavyopita. Kama mchoro wako una nyeupe nyingi, chagua rangi ya maziwa tangu mwanzo, tofauti haitakusumbua.

*Nauli ya fundi.* Anayetoka Kibondo mjini kuja Gwarama kwa siku tatu analipiwa safari tatu au malazi na chakula. Mara nyingi ni nafuu kumpelekea stuli na milango ya kabati iliyong'olewa bawaba kuliko kumleta yeye.

*Hati ya mbao.* Ukinunua mbao mwenyewe na kuzisafirisha kutoka wilaya moja kwenda nyingine, zinatakiwa ziwe na hati ya kusafirishia mazao ya misitu, ambayo wenye magari huiita TP. Mbao za bei ya kutupa zisizo na karatasi zinaweza kuishia kizuizini, na hela yako nazo. Nunua kwa muuzaji anayetoa risiti.

Mchoro gani unalipa

Bei ya mchoro hupanda kwa saa za kazi, si kwa ukubwa. Twiga mmoja mkubwa mwenye mabaka ni kazi ndogo kuliko mti uliojaa ndege ishirini. Ukitaka mtindo wa Tingatinga kwa hela kidogo, omba mnyama au ndege mmoja mkubwa juu ya rangi moja ya nyuma, na nukta kwenye kingo. Wachoraji wa mtindo huu hupaka rangi ya nyuma kwanza, wakaisubiri ikauke, ndipo wanachora umbo na kumalizia na nukta na mistari midogo. Usikubali umbo lichorwe juu ya rangi mbichi ili kuokoa siku.

Maumbo ya pembetatu na mistari ya kwenda na kurudi ndiyo yenye faida kubwa kwa mwenye rula na penseli. Jirani zetu wa Gisaka, mashariki mwa Rwanda, wana sanaa ya imigongo, inayojengwa kwa samadi ya ng'ombe na kupakwa nyeusi, nyeupe na nyekundu ya udongo. Samadi yenyewe haifai kwenye kiti kwa kuwa inabanjuka ikigongwa, lakini mpangilio wake unafaa sana kwenye mlango wa kabati. Rangi tatu tu, utepe wa karatasi wa kuzuia kingo, na mkono wa mtu asiyejua kuchora hata ua vinatosha.

Chanzo kingine kiko jikoni kwako. Chukua kikapu kilichosukwa vizuri, angalia mistari yake inavyozunguka na kurudi, ihesabu, kisha ihamishie juu ya stuli ya duara. Mchoro wa namna hiyo huhitaji kuulipia, na wageni watautambua kuwa ni wa huku.

Jihadhari na kitu kimoja. Kuiga mchoro wa msanii aliye hai kwa ajili ya kuuza viti si kuokoa gharama. Kazi yake inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Mtindo ni wa wote, picha yake ni yake. Kama unafungua biashara ya samani za kuchorwa, mlipe mchoraji akutengenezee maumbo yako.

Weka mchoro mahali pasiposuguliwa. Kwenye kiti, uchore mgongo wa kiti na si pale pa kukalia. Kwenye meza ya kulia, uchore kingo na pande, katikati pabaki rangi moja, kwa sababu hapo ndipo sahani na sufuria zinapoburutwa. Kwenye kabati, milango ndiyo yenye faida: inaonekana na kila anayeingia, na haisuguliwi.

Watoto na madini ya risasi

Rangi nyingine za mafuta zimekuwa na madini ya risasi, hasa njano kali, machungwa na nyekundu. Risasi huharibu ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo, na mtoto huipata kwa kuguguna ukingo wa kitanda au kulamba vidole vyenye vumbi la rangi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira linapendekeza kikomo cha sehemu 90 kwa kila milioni. Nunua kopo lenye nembo ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) na maandishi yanayosema halina risasi. Rangi ya kupimiwa kwenye chupa isiyo na jina, hata kama ni nusu bei, usiipeleke kwenye kitanda cha mtoto, meza ya mtoto wala vyombo vya chakula.

Ukikwaruza rangi ya zamani usiyoijua, tumia msasa wa maji na uloweshe uso, ili vumbi lisiruke. Fanyia nje, watoto wakiwa mbali, na mabaki yakusanye, usiyafagie uani.

Siku za kazi

Hesabu siku ishirini tangu msasa hadi kutumia. Siku ya kwanza msasa na kuziba mashimo kwa puti. Siku ya pili anda koti. Ya tatu na ya nne rangi ya chini, mkono mmoja kila siku, ukipitisha msasa laini katikati. Ya tano na ya sita mchoro. Kisha acha siku nne au tano kabla ya vanishi. Ukiharakisha, brashi ya vanishi itaburuta maua yako na kuyachafua. Vanishi mikono miwili kwa siku mbili. Baada ya hapo acha samani wiki moja bila kuwekewa kitu kizito au cha moto.

Fundi anayekuahidi kabati zima kwa siku mbili, kwa rangi ya mafuta, ameshaamua kuruka hatua. Kama una shughuli ya harusi au ubatizo, rudi nyuma siku ishirini kwenye kalenda. Kama siku hizo hazipo, paka vanishi peke yake sasa, mchoro uje baadaye.

Uamuzi kwa mfuko wako

*Ukiwa na sh. 20,000.* Chagua kitu kimoja cha paini. Msasa sh. 2,000, vanishi nusu lita sh. 8,000, rangi nyeusi nusu lita sh. 7,000, brashi sh. 3,000. Paka vanishi mkono mmoja kuziba ubao, kikikauka kikwaruze kidogo, chora umbo jeusi juu ya rangi ya asili ya ubao, malizia na vanishi. Huhitaji anda koti wala rangi ya chini, na kazi inaonekana safi.

*Ukiwa na sh. 60,000 hadi 75,000.* Nunua vifaa vya hesabu ile ya juu na upambe vitu vinne, si kimoja. Kama una kitu kimoja tu, usitumie hela yote hii kwenye makopo. Mpelekee mchora mabango, na chenji iweke.

*Ukiwa na sh. 150,000.* Kabati la milango miwili. Nunua vifaa mwenyewe kwa sh. 57,500, mlipe mchora mabango siku mbili kwa sh. 25,000 kila siku, tenga sh. 10,000 za usafiri na chakula. Jumla ni sh. 117,500. Sh. 32,500 zinazobaki ziache kwa vanishi ya ziada na bawaba mpya, maana kabati lililochorwa vizuri lenye mlango unaoning'inia halipendezi.

*Ukiwa na hela zaidi na samani ya mninga.* Paka vanishi, kisha nunua sinia au sanduku dogo lililochorwa na msanii mwenyewe, uliweke juu ya samani hiyo. Unapata vyote viwili bila kuharibu kimoja.

Mkishakubaliana na fundi, andikeni kwenye karatasi: ukubwa wa samani, rangi na idadi ya makopo, mikono ya vanishi, siku ya kumaliza, na nani analipia nauli. Vifaa nunua wewe. Mpe nusu ya malipo ya kazi mchoro ukishakamilika na nusu vanishi ya pili ikishakauka. Kabla ya kutoa nusu hiyo ya mwisho, bandika kipande cha utepe wa karatasi kwenye pembe isiyoonekana, kibane kwa kidole, kisha kivute ghafla. Kikitoka na rangi, kazi haijaisha na hela isitoke mfukoni. Kikitoka kitupu, lipa papo hapo na umshukuru fundi.